Kinamasi cha Nyabikoro, Baada ya Mvua

Tiketi ni shilingi elfu tano,
na kitabu cha wageni kina safu ya *Unatoka wapi?*
Nikaandika: *Hapa.*
Binti akasoma, akacheka kidogo,
akaniuliza empaako yangu.
Araali, nikasema. Yeye Adyeeri.
Basi tukawa watu waliosalimiana.

Akanipa mabuti ya mpira,
la kushoto limepasuka kisiginoni.
Mvua ya Machi ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo
baada ya kiangazi kilichokausha hata ulimi wa mbuzi,
na kila kitu kimeamka bila kunawa uso.
Kumbikumbi wameacha mbawa zao mlangoni pa ofisi
kama wadeni waliotoroka usiku wakasahau mashati.

Tukashuka.
Upande huu migomba ya akina Kaahwa,
upande ule chai ya kampuni, imenyolewa sawasawa,
na katikati ukanda wa mafunjo,
mwembamba, mtu angeuvuka kabla umbea haujaisha.
"Ndiyo hifadhi yote," akasema Adyeeri.
"Saa mbili ukitembea polepole.
Dakika arobaini ukiwa na haraka,
na wenye haraka hatuwarudishii pesa."

Daraja la mbao analijua
kama mtu ajuavyo meno yake mwenyewe.
Huu usiukanyage. Huu ukanyage pembeni.
Huu tuliletewa na kanisa.
Chini, maji ya rangi ya kahawa kavu,
na kitu kinachopumua, kisha kinanyamaza.

Akainua kidole: shorobo!
Wa buluu, mkubwa kuliko jogoo wa mahari,
anakimbia juu ya tawi
kama muumini aliyechelewa misa.
Mkuyuni mbega wekundu walikula machipukizi
wakitudondoshea makombo, samahani hakuna.
Nami nilikuwa nimeshaacha kutazama juu.
Harufu ya udongo ilinishika puani.
Udongo huu naujua.

Kisha madimbwi.
Saba, yamejipanga mstari,
mayungiyungi yamefunguka juu yake,
mdiria kijitini, mdomo chini, anahesabu.
"Na haya," akasema, kwa sauti ile ya kuwaambia wageni,
"ni mabwawa ya asili."

Asili.
Nikatazama pembe zake nne.
La tatu nililichimba mwaka aliozaliwa kifungua mimba wangu.
La tano tulikuwa wawili, mimi na Byaruhanga,
yeye akilipwa kwa tonto na kuona sawa.
Tofali elfu nane kwa tanuri moja,
na kuni tulikata papa hapa, mikindu, chochote kilichosimama.
Siku moja jembe langu lilimkata kamongo usingizini,
ndani kabisa ya tope kavu, amejikunja akingoja mvua.
Tulimla. Alikuwa mtamu.
Shule ile yenye bati jekundu, kuta zake zilitoka humu.

Alinifukuza mama mmoja
mwenye panga mkono huu, barua ya halmashauri mkono huu,
na niliyoiogopa ni barua.
Nikamtazama Adyeeri ubavuni.
Taya ni lile lile.

Wanasema shoka husahau, kisiki hukumbuka.
Hapa kisiki kimechipua, kinaimba kwa koo za vyura,
na shoka limesimama ukingoni
na tiketi mfukoni.

"Mzee, umechoka?"
"Hapana. Kuna kamongo humu?"
"Wapo. Ila hawajionyeshi kwa kila mtu."
Nikasema wana haki.

Tulirudi kwa njia ya juu, matope hadi kwenye ndama.
Rwenzori ilijifunua kidogo, ikaghairi.
Nilikuwa na sentensi moja tayari mdomoni
tangu dimbwi la saba hadi getini,
na getini kulikuwa na Wajerumani wawili wakisubiri mabuti.

Akanisukumia kitabu. Safu ya *Maoni* ni nyembamba.
Nikaandika: *Ubao wa tisa umeoza. Nitaleta mwingine.*
Nikavua buti la kushoto,
nikamwaga maji yake mlangoni,
juu ya mbawa za kumbikumbi.